Uchambuzi uleule kila mwezi: mkaguzi wa ndani abaki na Excel, aende Power Query, anunue ACL au ajifunze Python?

Nianze na namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, maana ndo ilituumbua.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel kwenye namba inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri bila kukuaga. Hilo wengi tunalijua, na sisi tulikua makini, kolamu tukaiweka iwe maandishi kabla ya kupesti, tarakimu zote 20 zikaonekana, safi kabisa. Alafu tukaweka COUNTIF, fomula ya kuhesabu kitu kinajirudia mara ngapi, kutafuta wafanyakazi wanaotumia kitambulisho kimoja, ikatoa watu watatu, tukaandika kwenye rasimu ya ripoti na tukajiona tumeshika samaki mkubwa. Kesho yake dada wa peiroli akaja na kopi za vitambulisho vitatu, akazipanga mezani kwangu moja baada ya nyingine, hakusema kitu, akaondoka. Namba tatu tofauti! Kumbe COUNTIF hata ukiipa maandishi, ikiona yanafanana na namba inayachukulia kama namba na inalinganisha tarakimu 15 za mwanzo basi. Sasa tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, kwaiyo watu waliozaliwa siku moja namba zao zinaanza sawa, na zikifanana mpaka ya 15 wote wanakua mtu mmoja.

Kilichoniuma sio hata ile aibu ya mezani. Ni kwamba ile fomula ilikua humo kwenye faili siku nyingi, kila mwezi tunafungua faili la mwezi uliopita, tunafuta data, tunapesti mpya, tunaita hiyo ni otomatiki. Kosa nalo lilikua linajirudia kiotomatiki vilevile.

Toka hapo nimekaa na vifaa kadhaa, yani programu za kuchambua data, nikivipa kazi zilezile, na nina kipimo kimoja ambacho nakiita mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza kila kifaa ni kizuri, umekaa nacho mwenyewe, umekibembeleza, kimetoa jibu. Mwezi wa pili wewe uko likizo Tanga, faili limekuja limebadilishwa jina la kolamu, anayeendesha ni kijana aliyeanza kazi juzi. Je, jibu linatoka? Ni lilelile? Na akiulizwa limetokaje ana cha kuonyesha? Sio mimi tu nayasema haya, viwango vipya vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 vinataka kumbukumbu za kazi ziwe hivyo hivyo, kwamba mkaguzi mwingine mwenye ujuzi aweze kurudia kazi na kupata matokeo yaleyale.

Mazingira yetu ili ujue naongelea wapi: kitengo cha watu wanne, ofisi iko Posta, Dar, mfumo wa uhasibu unatoa mafaili ya CSV (maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa koma), malipo kama elfu 40 kwa mwezi na leja inafika laki 3 za mistari. Kama wewe uko benki yenye mamilioni ya miamala kwa siku soma ila usinifuate kila kitu.

Kazi nilizovipa ni nne. Malipo yaliyolipwa mara mbili. Manunuzi yaliyokatwakatwa ili yasifike kiwango cha kuidhinishwa na bosi mkubwa. Mfanyakazi ambaye simu yake au akaunti yake ya benki inafanana na ya saplaya. Na maingizo ya leja yaliyofanyika wikendi, sikukuu au usiku wa manane.

EXCEL YA KAWAIDA NA MAKRO

Usiidharau. Kwa uchambuzi wa mara moja, wa kuangalia kitu fasta kabla ya kikao, hakuna kinachoishinda, na ukimpelekea meneja yeyote Dar nzima anafungua bila kuuliza. Shida ni pale kazi inapokua ya kujirudia.

Shiti moja mwisho mistari 1,048,576. Faili likizidi hapo Excel inafungua kipande, inatoa onyo, mtu anabonyeza sawa kama anavyobonyeza sawa kwenye kila kitu, alafu anakagua kipande akidhani ni zima. Wapo waliopatikana na hili wakubwa kuliko sisi, Uingereza Oktoba 2020 wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu kwasababu data zilipitia mafaili ya zamani ya xls ambayo yanaishia mistari 65,536. Nchi nzima hiyo.

Makro za kurekodi, yani Excel inakariri ulivyobonyeza ili irudie yenyewe, nazo zina tabia yao. Unarekodi siku ambayo data ina mistari 4,187, makro inaandika mpaka mstari wa 4,187, mwezi ujao data ina mistari 5,200 na ile elfu moja ya chini haiguswi na hakuna anayejua. Anayeijua vizuri VBA, lugha ya kuandikia makro, analirekebisha hilo, lakini anayeijua VBA vizuri kwenye vitengo vyetu ni mmoja na yeye ndo huyo anayehamishwa. Juu ya hapo tangu 2022 Microsoft wanazuia makro kwenye mafaili yanayotoka mtandaoni, kwaiyo mwenzako wa tawini ukimtumia kwa imeili anakupigia, "braza, kitufe hakifanyi kazi", na hapo jioni yote imeisha.

Kwenye mwezi wa pili Excel ya kawaida inafeli. Jibu linatoka ndio, ila kumwonyesha mtu limetokaje ni kufungua seli moja moja.

POWER QUERY

Hii ndo naona watu wanaiacha wakati wameshailipia. Iko ndani ya Excel tangu toleo la 2016, kabla ya hapo ilikua ya kuongezea pembeni. Unaielekeza kwenye folda, kila mwezi unatupia faili jipya humo, unabonyeza rifreshi, hatua zote ulizofanya mwezi wa kwanza zinajirudia zenyewe na zimeorodheshwa pembeni kulia moja moja, ukibonyeza hatua ya tatu unaona data ilivyokua kwenye hatua ya tatu. Kwa mkaguzi hiyo orodha ni dhahabu, nimewahi kumwonyesha mkaguzi wa nje aliyekuja na maswali mengi akaangalia zile hatua akanyamaza akapiga picha ya skrini.

Ila ina mitego na nitaisema yote niliyokanyaga.

Wa kwanza, ukiingiza faili inajiongezea yenyewe hatua ya kubadilisha aina ya data. Inaona NIDA inasema hii namba, inaona simu inayoanza na sifuri inasema hii namba, sifuri inakwenda. Futa hiyo hatua au ibadilishe iwe maandishi kabla hujafanya lolote. Wa pili, kuunganisha majedwali inajali herufi kubwa na ndogo, yani MSASANI na Msasani kwake ni watu wawili, wakati VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta uliyoizoea kwenye Excel, haijali, kwaiyo ukihamisha kazi kutoka Excel ya kawaida majibu yanapungua na unaanza kujiuliza nani muongo. Geuza vyote viwe herufi kubwa na ukate nafasi za mwanzo na mwisho, kila mara. Wa tatu huu mbaya kidogo, kile kiorodha kinachokuambia kolamu ina matupu, yani seli zisizo na kitu, asilimia ngapi kinaangalia mistari 1,000 ya mwanzo tu usipokibadilisha. Unaona asilimia sifuri unafurahi, kumbe matupu yako mstari wa elfu sita.

Kwenye malipo mara mbili, shida ni namba ya invoisi. Karani mmoja anaandika INV-0045, mwingine INV 45, mwingine 45 peke yake. Power Query ina kitu cha kulinganisha vinavyokaribiana na watu wanakikimbilia, mi naomba usikitumie kwenye namba za invoisi, maana INV-0451 na INV-0457 vinakaribiana sana na ni invoisi mbili halali za saplaya anayeleta maji ya ofisini kila wiki. Bora kubakiza tarakimu tu kwa Text.Select, ukatoe sifuri za mbele, alafu ulinganishe saplaya, kiasi na hizo tarakimu. Kwa majina ya masaplaya sawa, tumia kukaribiana, maana huko kuna "Co. Ltd", "Company Limited" na "CO LTD" na wote ni mtu yuleyule.

Faili likija na jina la kolamu limebadilishwa, na hatua zako zinaitaja hiyo kolamu ndani ya kila faili, Power Query inagoma na kukutajia kolamu gani haionekani. Watu wanalalamika, mi nashukuru. Kitu kikigoma kwa kelele nakiamini kuliko kinachoendelea kimyakimya.

Inapochoka ni mzigo mkubwa na hesabu za "ndani ya siku saba". Manunuzi yaliyokatwakatwa unayakamata kwa kujumlisha kila saplaya na kila aliyeomba ndani ya siku kadhaa zinazotembea, sio ndani ya mwezi, maana mjanja anakata tarehe 29 na kumalizia tarehe 2. Inawezekana Power Query kufanya hivyo, nilifanya, nikabonyeza rifreshi nikashuka chini kununua chai na chapati nikarudi bado inazunguka.

ACL NA IDEA

Hizi ni programu zilizotengenezwa kwa ajili yetu wakaguzi. IDEA ilianzia ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Kanada miaka ya 1980, sa hivi iko chini ya CaseWare. ACL nayo ya hukohuko Kanada, Vancouver, 2019 kampuni ikajiita Galvanize, 2021 ikanunuliwa na Diligent, kwaiyo ukiona majina matatu kwenye matangazo ya kazi ni kitu kimoja.

Unachonunua hapa ni vitu viwili. Kwanza data haiguswi, ukishaingiza huwezi kubadilisha seli hata kwa bahati mbaya, na aliyewahi kupiga spesi juu ya seli ya Excel yenye bilioni anajua thamani ya hilo. Pili kila unachobonyeza kinaandikwa kwenye logi, na kutoka kwenye hiyo logi unachukua amri unazitengeneza skripti. Yani unafanya kazi mara moja kwa mkono, mashine imekuandikia namna ya kurudia. Kuna amri tayari za marudio, za namba zilizorukwa kwenye mfululizo, za kupanga umri wa madeni, na ile ya Benford ambayo inaangalia tarakimu ya kwanza ya kiasi, kwamba kwenye data nyingi za kawaida 1 inaanza mara kama 30 kwa mia na 9 haifiki hata 5 kwa mia. Usiipelekee Benford peiroli yenye viwango vya mishahara vilivyopangwa au malipo ya posho za bei moja, itapiga kelele bure, nimeona ripoti ya namna hiyo na waliotajwa humo walikua na haki ya kununa.

Mtego wa ACL: kwenye kufilta maandishi, isipowekewa kulinganisha kamili inalinganisha kwa urefu wa neno fupi. Unafilta akaunti ya leja "12" inakuletea 120, 1205 na ndugu zao wote. Mgeni hajui, anadhani zote ni za 12.

Mwezi wa pili inafaulu vizuri sana, pengine kuliko zote kwenye ushahidi. Lakini leseni ni ya kulipia, inahesabiwa kwa mtu, na bajeti ya kitengo cha ukaguzi wa ndani kila mtu anajua inavyokatwa. Swali la kujiuliza kabla ya kusaini: leseni ikiisha na bajeti haijapita, skripti zako miaka mitatu zinakaa wapi? Maana haziendeshiki kwingine. Jamaa wa kampuni moja hapa mjini yaliwakuta, leseni imeisha Juni, mchakato wa manunuzi unakamilika Oktoba, robo mwaka nzima wanarudi kwenye pivoti za Excel kama zamani.

KNIME

Nitaipitia haraka. Bure, ilitoka Chuo Kikuu cha Konstanz Ujerumani, toleo la kwanza 2006. Huandiki kodi (maagizo ya kompyuta, sio kodi ya serikali), unaunganisha viboksi kwa mishale, kila kiboksi kina taa nyekundu, njano na kijani kama za Magomeni, tofauti ni kwamba hapa hakuna trafiki wa kuzizidi nguvu. Ukiprinti ule mchoro ukaweka kwenye karatasi za kazi hata mjumbe wa Kamati ya Ukaguzi asiyejua kompyuta anaelewa data ilipita wapi. Inameza RAM, laptopu ya GB 4 sahau. Na toleo la bure halina sehemu ya kupanga ijiendeshe yenyewe kila Jumatatu, hiyo ni ya kulipia. Kama kitengo hakina hela na hakuna anayetaka kuandika kodi, hii ndo ningesema mjaribu kabla ya kulilia ACL.

PYTHON

Ni lugha ya kuandikia programu, ya bure, na kile kikapu chake cha majedwali kinachoitwa pandas, kilichoanzishwa 2008 na Wes McKinney, kinafanya kila jaribio nililotaja. Yale manunuzi ya siku saba zinazotembea yanatoka kabla hujageuka. Unaandika mara moja, unaiambia Windows iendeshe kila tarehe 5 saa mbili asubuhi, ukifika ofisini faili la mashaka linakusubiri.

Sasa mitego. Simu zinazoanza na sifuri inazila kama Excel tu, mpaka uiambie isome kila kitu kama maandishi. Kuunganisha majedwali, matupu yanaoana na matupu: wafanyakazi 60 hawana simu kwenye mfumo, masaplaya 200 hawana simu, ukiunganisha kwa simu unapata mechi 12,000 za hewa. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, haifanyi hivyo, ndo maana anayetoka SQL anaingia mkenge. Toa matupu kwanza. Alafu kile kidaftari cha kuandikia Python kinachoitwa Jupyter, kinachopendwa na kila kozi kinakuruhusu kuendesha vipande bila mpangilio, cha tano kabla ya cha pili, jibu linatoka zuri leo na kesho halitoki tena. Kwa kazi ya kila mwezi andika faili la kawaida la skripti, linaanza juu linaisha chini.

Kuhusu simu, hii ni ya kila kifaa sio Python tu: kuna anayeandika 07, kuna 2557, kuna +255 na nafasi katikati. Toa kila kisicho tarakimu, chukua tarakimu 9 za mwisho, ndo ulinganishe. Jaribio la mfanyakazi na saplaya bila hatua hii ni kupoteza muda.

Python nilienda nayo kwa mkuu wetu wa kitengo, nimejaa furaha, laptopu mkononi.

"Shikamoo mzee, njoo uone, dakika moja tu inamaliza kazi ya siku tatu."

"Marahaba. Nzuri sana. Sasa kijana wangu, ukipata kazi kwingine nani ataisoma hii?"

Sikua na jibu, na kusema kweli mpaka leo jibu langu ni nusu. Kitengo chenye mtu mmoja anayejua Python hakina Python, kina huyo mtu. Wawili ndo unaanza kuhesabu.

VITU AMBAVYO HAVIKO KWENYE TANGAZO LA KIFAA CHOCHOTE

Data inakujaje? Hapa ndo nimepoteza muda mwingi kuliko kwenye kifaa chochote. Ukiomba faili uhasibu, anayekaguliwa ndo anayekuchagulia cha kukagua, hata kama ni mwaminifu. Bora ruhusa ya kusoma tu kwenye hifadhidata, na hapo SQL kidogo inatosha, lakini jiandae kuzungushwa na watu wa IT. "Kaka hiyo mpaka mkurugenzi asaini", unasainisha, "kaka seva inahamishwa mwezi huu". Mpaka hapo ipatikane, omba kila faili lije na idadi ya mistari na jumla ya kiasi kutoka kwenye mfumo wenyewe, na hatua ya kwanza ya uchambuzi wako, uwe na Excel ya buku au leseni ya dola, iwe kulinganisha hizo mbili na kugoma zisipooana. Power Query na KNIME ujiwekee hatua, Python mistari mitatu, ACL amri ya kuhesabu na kujumlisha. Makro pia inawezekana ila sijaona mtu anaiweka.

Saa. Seva nyingi zinaandika muda wa UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu. Aliyeingiza muamala saa mbili asubuhi anaonekana kaingiza saa kumi na moja alfajiri, na wewe unamwandikia barua ya kuhoji alikua anafanya nini ofisini alfajiri. Ongeza masaa matatu kwanza. Sikukuu nazo, Saba Saba na Nane Nane hazihami lakini Idi inafuata mwezi, kwaiyo jedwali la sikukuu likae faili la pembeni na mtu mmoja awe na kazi ya kulihuisha kila mwaka. Usizifungie ndani ya skripti.

Na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na peiroli yenye NIDA, simu na akaunti za watu ni taarifa binafsi bila ubishi. Excel ya kwenye mashine, Power Query, KNIME na Python ya kusetiwa kwenye laptopu, data inabaki kwako. Lakini ile Python iliyowekwa ndani ya Excel hesabu zake zinafanyikia kwenye seva za Microsoft sio kwenye mashine yako, na matoleo ya wingu ya hizi programu za ukaguzi ni hivyohivyo, kwaiyo kabla ya kubonyeza ongea na mwanasheria wenu, kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Kuna wenzetu wanamwaga peiroli nzima kwenye akili mnemba iwatafutie marudio. Iombe ikuandikie skripti, sawa, ya data ya kubuni. Mishahara ya watu hapana.

KWAIYO NANI ACHUKUE NINI

Uko peke yako au wawili, data chini ya laki tano za mistari, Excel ipo tayari: Power Query, usifikirie mara mbili, na wiki mbili za jioni zinatosha kuielewa. Yale ya siku saba zinazotembea utateseka nayo kidogo, vumilia au yafanye kwa robo mwaka.

Kitengo cha watu watano kwenda juu, bodi inayosikiliza, wakaguzi wa nje wanaotaka kuona kila hatua: ACL au IDEA inajilipa, sharti mkataba wa leseni uingie kwenye bajeti ya kudumu sio ya mradi. Mradi ukiisha imekula kwenu. Walio taasisi za umma wakumbuke mwaka unaisha Juni 30, panga leseni isiishe kipindi hicho.

Hamna hela na hamtaki kodi, KNIME. Kubwa laptopu ziwe na RAM.

Mpo angalau wawili mnaopenda kuandika kodi na mmoja ameahidi kutohama mwaka huu, Python, hasa kama data ni mamilioni au mmepewa ruhusa ya kusoma hifadhidata. Ila anzeni na jaribio moja, muendeshe sambamba na njia ya zamani miezi miwili, tofauti yoyote mjue imetoka wapi kabla ya kuzima ya zamani. Sisi tulikuta tofauti ya malipo 11, tukadhani Python imekosea, kumbe ni Excel ilikua inaacha mistari ya chini miezi yote hiyo. Ile makro ya kurekodi.

Na Excel ya kawaida? Ibaki mwisho wa bomba, kwa kusomea majibu na kuandikia maoni ya menejimenti. Hapo ndo kwake.

Sisi tumeishia na mchanganyiko: majaribio matatu yako Power Query na wote wanne tunaweza kuyaendesha, la manunuzi ya kukatwakatwa liko Python, mimi na binti mmoja aliyejiunga mwaka jana ndo tunalijua, na kila mwezi tunapokezana, asiyeliandika ndo analiendesha. Mwezi wa zamu yake ya kwanza skripti iligoma saa nzima kwasababu njia ya folda ilikua na jina langu ndani yake. Tumelitoa.

Ya NIDA tuliihamishia Power Query, kolamu ni maandishi mwanzo mpaka mwisho, na orodha ya mashaka ya peiroli kabla haijafika kwa mzee inapita kwanza kwa dada yule yule. Ya mwezi huu imerudi ina vema kwenye kila mstari isipokua mmoja, kaandika pembeni kwa peni, "huyu hata mimi simjui".